Rafiki Asiyeamini: Maneno na Adabu katika Mjadala wa Imani

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali moja ambalo walimu wengi wa Kiswahili wa hapa Kigali wamekwisha kukutana nalo, ama darasani, ama katika chumba cha walimu, ama barazani jioni. Swali lenyewe ni hili: marafiki wawili, mmoja anayemwamini Mungu na mwingine asiyeamini, wawezaje kulijadili jambo hilo kwa ukweli bila ya kuuvunja urafiki wao?

Hatukusudii kuthibitisha kwamba Mungu yupo, wala kwamba hayupo. Wenye elimu kubwa kuliko yetu wamebishana juu ya jambo hilo kwa karne nyingi, na ubishi haujaisha. Kusudi letu ni dogo zaidi. Twataka kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya uchungu unaoingia katika mjadala huu huletwa na maneno yanayotumiwa, na kwamba kwa sababu hiyo mwalimu wa lugha ana la kusema, hata kama si shehe, si padri wala si mwanafalsafa.

Je, swali hili ni la wageni?

Kabla ya kuendelea yafaa tuondoe kizuizi kimoja. Husemwa mara nyingi kwamba kutoamini ni ugonjwa wa Ulaya, na kwamba Mwafrika kwa asili yake ni mtu wa dini. Mwanazuoni aliyelieneza wazo la namna hii kwa upana ni John Mbiti, kasisi wa Kianglikana mzaliwa wa Kitui nchini Kenya, ambaye kitabu chake African Religions and Philosophy kilitoka mwaka 1969 alipokuwa akifundisha Makerere. Mbiti alishikilia kwamba katika maisha ya jadi ya Mwafrika dini haikutengwa na kazi, wala na furaha, wala na msiba.

Hata hivyo hakukosa mpinzani, na mpinzani huyo hakutoka Ulaya. Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1931 kama Mbiti mwenyewe, alijibu katika kitabu chake African Religions in Western Scholarship kwamba miungu ya Waafrika ilikuwa imevishwa kanzu za Kigiriki na za Kikristo na wamisionari, na kwamba wataalamu wa Kiafrika, Mbiti akiwamo, walikuwa wakiendelea kuishona kanzu ile ile. Tena Okot alisema waziwazi kwamba yeye binafsi haamini miungu wala mizimu.

Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba mtu huyu asiyeamini alitumia miaka mingi kuandika kwa uangalifu mkubwa juu ya dini ya watu wake, bila ya kuibeza. Na Mbiti, kwa upande wake, alikusanya sala za watu wa mataifa mengi ya Afrika na kuzitoa kitabuni mwaka 1975. Basi hapa tunao wana wawili wa Afrika ya Mashariki, wa rika moja, wanaopingana juu ya jambo kubwa kabisa, na kila mmoja akiwa amejitaabisha kujua anachokizungumzia. Swali ni letu, na mfano wa kulijadili tunao nyumbani.

Uzito wake hapa Kigali

Wanyarwanda wana methali isemayo "Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda", yaani Mungu hushinda kwingine mchana kutwa, lakini jioni hurudi kulala Rwanda. Ni methali ya watu waliomhesabu Mungu kuwa mwenyeji wao. Tangu mwaka 1994 methali hiyo haisikiki tena kama ilivyosikika zamani. Katika siku mia moja, kuanzia tarehe 7 Aprili mwaka huo, yalifanyika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na watu wengi waliuawa ndani ya makanisa. Walikimbilia humo kwa kuwa katika machafuko ya miaka iliyotangulia waliokimbilia makanisani walisalimika. Nyamata na Ntarama, katika Bugesera, makanisa yamebaki kuwa makumbusho. Huko Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu zaidi ya 1,500 waliojificha ndani, na padri wa parokia hiyo alihukumiwa kifungo cha maisha katika rufani na mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha, mwaka 2008. Mnamo Machi 2017, huko Vatikani, mbele ya Rais Paul Kagame, Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji hayo.

Kwa hiyo mtu wa Kigali anapouliza, "Mungu alikuwa wapi?" haulizi kama mwanafunzi anayejizoeza mdahalo. Wapo walioacha kusali kwa sababu ya yale waliyoyaona Aprili ile. Wapo pia walioanza kusali kwa sababu ya Aprili hiyo hiyo, kwa kuwa waliponyoka mahali ambapo mtu haponyoki, na hawakuona wa kumshukuru isipokuwa Mungu. Watu wa aina zote mbili tunao. Pengine wanafundisha katika shule moja, na saa nne hunywa chai katika meza moja.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Kiswahili hasa. Hapa Rwanda neno "Mswahili" kwa muda mrefu lilimaanisha Mwislamu wa mjini, na lugha yetu ilihesabiwa kuwa lugha ya Nyamirambo na Biryogo, ya biashara na ya msikitini. Kwa upande mwingine, wamisionari Wakatoliki waliofika mwaka 1900 walilileta neno letu "Mungu" na kulitumia katika mafundisho yao, kwa kuliogopa neno la wenyeji "Imana"; baadaye "Imana" ndilo lililoshinda. Hivyo Kiswahili kiliingia nchi hii kikiwa kimebeba dini mgongoni, kwa njia mbili. Mwalimu anayekifundisha leo, tangu kilipofanywa kuwa lugha rasmi mwaka 2017, anafundisha lugha ambayo hata salamu zake zimejaa jina la Mungu. Asiyeamini anapojifunza kuagana kwa Kiswahili hujikuta akisema "Mungu akipenda" kabla hajafika mlangoni.

Majina tunayowapa wenzetu

Tuanze basi na majina. Je, Kiswahili humwita nani mtu asiyeamini? Tunalo neno "kafiri", litokalo katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunika na ya kutoshukuru. Tunalo "mpagani", ambalo asili yake ya Kilatini ni mtu wa kijijini. Na tunalo "mkana Mungu", ambalo ndilo lililokubaliwa zaidi katika maandishi.

Tulitazame hili la tatu, kwa sababu linaonekana halina ubaya. Kitenzi "kukana" tunakitumia wapi? Mtu hukana deni. Mshtakiwa hukana kosa mbele ya hakimu. Baba asiye na haya hukana mtoto. Katika matumizi haya yote msikilizaji huhisi kwamba kitu chenyewe kipo, na anayekana anakijua lakini anakificha. Basi tukimwita mwenzetu "mkana Mungu" tumekwisha kumshinda kabla hajafungua kinywa: tumemweka kizimbani. Yeye mwenyewe, ukimwuliza, huenda akajibu kwamba hakani chochote. Ametafuta na hakuona, au alikuwa akiona na sasa haoni tena. Hayo ni mambo tofauti na kukana, na lugha yetu inao uwezo wa kuyatofautisha: asiyeamini, aliyeacha kuamini, mwenye shaka, asiyejali. Mwenye shaka na asiyejali hawafanani hata kidogo. Wa kwanza swali linamkosesha usingizi. Wa pili hajapata kuliuliza.

Wala kosa hili si la upande mmoja. Wasioamini nao wana majina yao. Neno "mlokole" lilitokana na Kiganda, likiwa na maana ya aliyeokoka, na lilienea pamoja na uamsho wa kidini wa miaka ya 1930, ambao Gahini, mashariki mwa Rwanda, ilikuwa mojawapo ya chemchemi zake. Kwa wenyewe ni jina la heshima. Lakini sikilizeni linavyotamkwa katika baadhi ya vyumba vya walimu, kwa kuvutwa na kwa tabasamu la pembeni, mkajionea jinsi jina zuri liwezavyo kugeuzwa kuwa kijembe. Anayemwita mwenzake mlokole kwa sauti ile, au anayemwambia kwamba anayarudia maneno ya mchungaji kama kasuku, naye amekwisha kumshinda kabla hajasema.

Katika mambo haya wabishi wakubwa wanaweza kutufundisha. Mwaka 1948, katika redio ya BBC, Bertrand Russell, mwanafalsafa asiyeamini, alijadiliana na Frederick Copleston, padri wa shirika la Yesu, juu ya kuwapo kwa Mungu. Jambo la kwanza walilolifanya ni kukubaliana maana ya neno "Mungu", ili wasije wakabishana juu ya vitu viwili. Kisha padri alimwuliza mwenzake anajihesabu kuwa mtu wa namna gani: je, anadai kwamba kutokuwapo kwa Mungu kunaweza kuthibitishwa? Russell akajibu kwamba hadai hivyo. Msimamo wake ni wa asiyejua. Padri hakumpa mwenzake jina. Alimwuliza jina lake. Hapo ndipo adabu ya mjadala huu inapoanzia.

Imani mbili katika neno moja

Sasa tufike kwenye neno lililo moyo wa makala haya. "Imani" kwa Kiswahili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kule kusadiki: imani ya Kikristo, imani ya Kiislamu. Maana ya pili ni huruma. Twasema "mwonee imani", tukitaka mtu ahurumiwe. Twasema "mama yule ana imani", tukiwa na maana kwamba ana moyo wa upole na hawezi kumwona mwenye njaa akapita. Na tukisema "hana imani", mara nyingi twataka kusema kwamba mtu huyo ni mkatili.

Hatudhani kwamba wazee waliounganisha maana hizi mbili walikosea. Waliona, na mara nyingi ndivyo ilivyo, kwamba mtu anayemcha Mungu humwogopea Mungu katika kumtendea mwenzake. Lakini fundo hili la lugha huleta hatari katika mjadala. Anayesikia kwamba rafiki yake "hana imani" kwa maana ya kwanza, masikio yake hupokea pia maana ya pili, bila ya yeye kutambua. Ndipo huja swali tulisikialo kila mara: "Kama huamini Mungu, kitu gani kinakuzuia usiibe?" Mwulizaji hudhani anauliza juu ya falsafa. Kumbe amemtukana rafiki ambaye kwa miaka kumi amekuwa akimwachia funguo za nyumba yake.

Historia ya nchi hii imelifungua fundo hilo kwa namna ya kutisha. Aprili 1994 walikuwako watu wenye imani ya maana ya kwanza, waliobatizwa, walioimba kwaya, ambao imani ya maana ya pili haikuonekana kwao hata chembe. Na walikuwako wengine ambao imani zote mbili zilikuwa kitu kimoja. Félicitée Niyitegeka wa Gisenyi, mlei aliyejitolea maisha yake kwa kazi za Kanisa, aliwaficha Watutsi. Kaka yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimtaka ajiokoe peke yake, naye akakataa kuwaacha aliowaficha, akauawa pamoja nao. Leo anahesabiwa katika mashujaa wa taifa wa daraja la Imena. Waislamu wengi walisifiwa kwa kuwaficha jirani zao. Na katika Ruhango alikuwako bibi mmoja mganga, Zura Karuhimbi, aliyefariki mwaka 2018, ambaye husimuliwa kwamba aliwaokoa watu zaidi ya mia moja nyumbani kwake kwa kuwatishia wauaji kwamba mizimu ingewapata wakithubutu kuingia. Uwezo aliowatishia nao hakuwa nao, na hakuona haya kusema hivyo baadaye.

Tunaliona nini hapa? Hatusemi kwamba dini haina kazi. Kwa Niyitegeka ilikuwa na kazi hata kifo. Tunachosema ni kwamba ukiambiwa tu kwamba mtu fulani anaamini au haamini, bado hujaambiwa atafanya nini mlango utakapogongwa usiku. Anayelijua hilo hatamwuliza rafiki yake kitu gani kinamzuia asiibe. Na asiyeamini, kwa upande wake, hatasema kwamba dini ndiyo iliyoua, kwa maana ataulizwa, na kwa haki, ni nini basi kilichomzuia Niyitegeka asitoke.

Hoja, kilio na shukrani

Okot p'Bitek alisimulia kisa ambacho kila mwalimu wa lugha yampasa akijue. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi: "Ni nani aliyewaumba?" Lugha ya Kiacholi haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoitaka, hivyo swali likageuzwa kuwa: "Ni nani aliyewafinyanga?" Wazee wakashangaa, kwa kuwa binadamu huzaliwa na mama yake. Mapadri wakasisitiza. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akipatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo hupindika na kuota kibyongo, na kwamba anayewafinyanga watu hivyo ni pepo aitwaye Rubanga. Akalitaja jina hilo. Ndivyo jina la pepo wa kibyongo lilivyoingia katika mafundisho kuwa jina la Mungu.

Kisa hiki kinachekesha, lakini mafunzo yake si ya kuchekesha: anayeuliza bila ya kujua mwenzake yuko wapi hupata jibu lililopindika. Katika mijadala ya marafiki jambo hili hutokea kila siku, kwa sababu mambo matatu yaliyo mbali mbali huvaa nguo moja. Mambo hayo ni hoja, kilio na shukrani.

Tutoe mfano. Katika baraza moja la walimu, mwenzetu mmoja alisema kwamba yeye hawezi tena kuamini. Mwenzetu mwingine, mtu mwema na msomi, akamjibu kwa hoja ya saa: saa haiwezi kujitengeneza yenyewe, basi na ulimwengu lazima uwe na mtengenezaji. Ni hoja ya zamani, ina nguvu zake na udhaifu wake. Lakini yule wa kwanza hakuwa akiuliza juu ya saa. Alikuwa akisema juu ya mama yake, aliyekimbilia kanisani na hakutoka. Hoja ile ilijibu swali ambalo halikuulizwa. Kilio hakijibiwi kwa hoja. Kilio husikilizwa, na baada ya kusikilizwa, kama mwenyewe akitaka, hoja hufuata siku nyingine.

Sasa tugeuze upande wa pili. Mjane anasema: "Mungu ndiye aliyenivusha." Kijana aliyesoma anamjibu kwamba hiyo ilikuwa bahati tu, na kwamba kama Mungu alimvusha yeye, mbona hakuwavusha wale wengine? Swali la kijana ni zito, tena ni la haki, na wanateolojia wakubwa wameshindwa kulimaliza. Lakini mjane hakuwa ametoa hoja. Alikuwa akitoa shukrani. Kumjibu kwa hoja ni kama kumsahihishia mtu sarufi wakati anapoomba maji.

Basi kabla ya kujibu yafaa tuisikilize kauli ni ya aina gani. Walimu wa lugha tunayo mazoezi ya kazi hii. Tunawafundisha watoto kwamba sentensi moja yaweza kuwa taarifa, ombi, amri au mshangao kwa jinsi inavyotamkwa. "Mungu yuko wapi?" yaweza kuwa swali la falsafa, na yaweza kuwa kilio. Maneno ni yale yale; sauti ndiyo inayotofautisha.

Je, heshima si woga?

Wapo watakaotupinga hapa, na upinzani wao una nguvu. Watasema: mnatufundisha kunyamaza. Kama naamini kwa dhati kwamba roho ya rafiki yangu imo hatarini, nikakaa kimya kwa ajili ya adabu, mimi ni rafiki wa namna gani? Na asiyeamini atasema vivyo hivyo: kama naona rafiki yangu anampelekea mhubiri mshahara wake wote akingojea muujiza, nikakaa kimya, mimi ni rafiki wa namna gani?

Twakubali kwamba ukimya wa namna hiyo si heshima. Unayemheshimu humwambia. Kumfanyia mwenzako kama kwamba hawezi kuhimili neno la kweli ni kumfanya mtoto. Mhubiri akimwambia mgonjwa aache dawa za hospitali, yampasa kila rafiki, mwenye dini na asiye nayo, apaze sauti, na mara nyingi mwenye dini ndiye atakayesikilizwa zaidi. Palipo na hatari ya mwili wa mtu, adabu ya baraza hungoja nje.

Lakini kuna tofauti baina ya kumwambia rafiki na kumtaka akubali. Kuambiwa ni haki yake. Kukubali ni hiari yake. Urafiki hupimwa hapo: je, baada ya kumwambia lote nililonalo, naye akakataa, kesho nitaketi naye? Kama kuketi kwangu kulikuwa kwa sharti kwamba abadilike, basi sikuwa rafiki; nilikuwa mvuvi, naye alikuwa samaki.

Jambo hili lina upande wake wa nchi na sheria. Mwaka 1968, katika utangulizi wa kitabu chake Freedom and Socialism, Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyejulikana kwa kuhudhuria misa kila siku, alieleza kwamba ujamaa hauna dini, na kwamba mjamaa aweza kuwa wa dini yoyote au asiwe na dini. Hakuipunguza imani yake. Aliijenga nyumba ya wote kwa namna ambayo imani yake haikuwa ufunguo wa mlango. Nchini Kenya, mnamo Februari 2016, chama cha watu wasioamini kiliandikishwa kisheria. Miezi michache tu baadaye uandikishaji huo ulisimamishwa baada ya malalamiko, na shauri likafikishwa mahakamani. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya chama hicho. Lakini yafaa mwenye dini ajiulize: imani inayohitaji msajili wa vyama ili isiulizwe maswali, je, inajiamini? Katiba ya Rwanda nayo inalinda uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Sheria yaweza kumlinda asiyeamini asifungwe. Haiwezi kumfanya akaribishwe mezani. Hiyo ni kazi ya marafiki.

Darasani

Tumalize na kazi yetu. Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, inamwonyesha Kazimoto, kijana wa chuo kikuu anayetafuta maana ya maisha na kuikosa, na mwishowe anajiua. Wapo walimu wanaoiogopa. Wengine huisomesha kwa haraka na kutoa hukumu: mnaona, huo ndio mwisho wa asiyeamini. Hukumu hiyo haimtendei haki mwandishi, wala haimtendei haki mwanafunzi aliyekaa kiti cha nyuma akiwa na maswali yale yale ya Kazimoto, ambaye sasa amejifunza jambo moja tu: kwamba maswali hayo hayasemwi mbele ya mwalimu. Kijana wa namna hiyo akinyamazishwa darasani atayapeleka maswali yake upwekeni, na upweke ndio hasa uliomwua Kazimoto.

Tunapendekeza zoezi moja. Darasa ligawanywe pande mbili juu ya maswali yanayoulizwa na riwaya. Kila upande, kabla ya kutoa hoja yake, uieleze hoja ya upande wa pili kwa Kiswahili kizuri, mpaka wale wa upande huo waseme: "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyosema." Wasipokubali, waeleze tena. Zoezi hili ni gumu kuliko mdahalo wa kawaida, maana mdahalo wa kawaida huzawadia anayemgeuza mpinzani kuwa mjinga. Hapa msemaji hulazimika kutafuta neno ambalo mwenzake atalikubali kuwa lake. Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba "mkana Mungu" na "mlokole" hayapiti. Na mwalimu anayesomesha neno "imani" aandike ubaoni sentensi hii, wanafunzi waichambue: "Rafiki yangu hana imani ya dini yoyote, lakini ni mtu mwenye imani sana." Ni Kiswahili sahihi. Atakayeielewa ameelewa pia kwa nini haifai kumwuliza rafiki huyo kitu gani kinamzuia asiibe.

Tungefurahi kusikia kutoka kwa walimu wenzetu wa Bukavu, Bujumbura, Kigoma, Kampala na kwingineko, ni majina gani hutumika kwao kuwaita wasioamini, na wasioamini huwaitaje wenye dini. Majina hayo yakikusanywa, yatatuonyesha mahali ambapo mjadala huishia kabla haujaanza.